Mama Mkwe Ndani ya Kioo

Watu waliosoma huniambia kwamba siku hizi kuna mashine zenye macho. Mtu anakaa chumbani kwenye kiti chenye mto, anatazama picha ya mahali penye hatari, anabonyeza kidude, na kazi inafanyika bila mtu kuungua. Wakinieleza hunitazama usoni waone kama nimestaajabu. Sistaajabu. Kazi hiyo niliifanya Rumonge, kando ya ziwa, miaka kumi kasoro, bila kiti chenye mto, na jicho la mashine yangu lilikuwa kioo cha kujitazamia, cha upana wa sinia ya wali, kilichofungwa kwa waya kwenye nguzo.

Kiwanda kilikuwa cha mawese. Katikati ya banda lake lililala pipa la chuma, refu kuliko nyumba niliyozaliwamo, na ndani yake tulipika mikungu ya michikichi kwa mvuke. Mikungu ilipakiwa kwenye vigari vya chuma tulivyoviita wagoni. Wagoni ziliteleza juu ya reli mpaka ndani ya pipa, mlango ukafungwa kwa makomeo, mvuke ukaingizwa. Ilipoiva, mlango ulifunguliwa na wagoni zikavutwa nje kwa kamba ya chuma iliyozungushwa na mashine. Mashine hiyo ya kuvuta tuliiita treyi, kwa kuwa ndivyo Wabelgiji walivyoiita, na mimi nilikuwa mtu wa treyi.

Zamani mtu wa treyi alisimama mbele ya mlango wa pipa, akiona kazi yake kwa macho mawili aliyopewa na Mungu. Siku moja mlango ulifunguliwa kabla mvuke haujaisha, naye akaungua kuanzia uso hadi kiunoni. Wakuu walisikitika sana, wakajenga ukuta wa matofali kati ya treyi na pipa. Ukuta ule ulikuwa kazi safi. Mvuke haukupita, na macho hayakupita. Baada ya wiki nzima ya kuvuta kwa kubahatisha, na wagoni mbili kupinduka, mmoja wao akakumbuka kwamba mtu anayevuta kitu yafaa akione. Ndipo kioo kikaletwa, kikafungwa kwenye nguzo ng'ambo ya kona ya ukuta, ili aliyesimama nyuma ya matofali aone mlango wa pipa ndani yake.

Uhuru ulipokuja, Mbelgiji mwenye tumbo aliyekuwa akivuta alifunga masanduku yake akarudi kwao. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya kushusha mizigo kwenye meli za ziwani, na nilijua kamba ya chuma ikilia inataka nini, kwa hiyo nikapewa nafasi yake. Nilirithi treyi, mikono miwili ya kuiendeshea, mmoja wa kuvuta na mmoja wa kurudisha, na kioo kilichofungwa kwa kimo cha Mbelgiji. Mimi ni mfupi. Nchi nzima ilikuwa huru, na mimi nilisimama juu ya sanduku la sabuni nifikie mahali pa macho ya mtu aliyeondoka.

Kioo chenyewe kilikuwa na tabia zake. Kilionyesha mlango wa pipa na hatua mbili kila upande, basi. Aliyekuwa hatua ya tatu hakuwapo duniani. Tena kilipigwa na ukungu mara tu mlango ulipofunguliwa, yaani niliona vizuri sana wakati wote ambao hapakuwa na kitu cha kuona. Na kama vioo vyote kiligeuza mambo, wa kushoto akawa kulia. Hilo halikunisumbua. Baada ya mwezi mmoja mikono yangu ilikuwa imelijua, na mikono ikishajua jambo haiulizi tena kichwa.

Kisha nikaoa. Wazazi wangu walivuka ziwa kutoka Fizi, upande wa Congo, na wa mke wangu vilevile, kwa hiyo tulioana kwa desturi za huko, na desturi za huko zina sheria moja ambayo haimpi mwanamume nafasi ya kujitetea: hamtazami mama wa mke wake. Si chuki. Ni heshima, tena heshima ya juu kabisa. Mkikutana njiani mmoja wenu anaingia majanini, na mara nyingi alikuwa yeye, maana mimi nilikuwa na baiskeli. Hamli pamoja, hampeani mkono, kanisani mnakaa pande mbili. Ukitaka kumwambia kwamba nyumba yake inaungua, unamwambia binti yake, naye amwambie. Waswahili husema macho hayana pazia. Sisi tulitakiwa tuyashonee.

Kwa miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Mama mkwe alikaa kwake upande wa Kigwena katikati ya michikichi, mimi nilikaa mjini, tukapendana kwa mbali bila kuonana. Halafu mume wake akafariki. Mjane yule hakuwa mtu wa kukaa akilia uani. Alikuja mjini, akaomba kazi kiwandani, akapewa. Kazi yenyewe ilikuwa ya kufagia matunda yaliyodondoka relini kabla wagoni hazijavutwa, kwa kuwa tunda likilaliwa na gurudumu, wagoni hupinduka. Katika kiwanda chote, chenye ua na ghala na gati na pembe kumi na mbili za kumweka mwanamke mwenye ufagio, walimweka mahali pamoja pekee palipoonekana ndani ya kioo changu.

Siku ya kwanza niliona kitenge cha kijani kikiingia kiooni. Nilikijua kitenge kile, mke wangu ndiye aliyemchagulia. Niliinamisha kichwa haraka kama mtu aliyechunguliwa akioga. Nikabaki hivyo, macho kwenye buti zangu, mikono kwenye treyi, wagoni tatu za mikungu ya moto zikinisubiri. Sasa nitajuaje kwamba ameondoka? Nikitazama nijue kama yupo, na yupo, nimemtazama.

Jioni nilimweleza mke wangu, naye akaenda kwa mama yake, akarudi na jibu.

"Mama anasema kufagia pale iko kama Baba Yetu moja, ya kusema polepole."

Basi huo ndio ukawa utaratibu. Kitenge kikiingia kiooni, nainamisha kichwa, nasali Baba Yetu mpaka amina, nainua kichwa, navuta. Mama mkwe naye kwa upande wake alikuwa mtu wa adabu. Aliwaza kwamba kama mimi namwona kwenye kioo, basi macho yangu yamo kwenye kioo, akawa anafagia akikipa kioo mgongo, kitenge amejifunika mpaka paji la uso. Mfungua mlango alikuwa mtu wa tatu. Yeye alipomaliza kulegeza makomeo alikimbilia nyuma ya pipa akikwepa mvuke, na hakuona kitu. Kwa hiyo kati yetu watatu, kwenye sehemu ya hatari kuliko zote kiwandani, hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akitazama. Wafanyakazi wenzangu waliponiona nimeinama kila baada ya mzigo, walisema huyu bwana ana imani, Mungu amzidishie.

Ungeniuliza kwa nini sikumwambia kapita, ambaye ndiye aliyetusimamia. Nimwambie nini? Kwamba nimepewa kioo cha kutazamia na sitazami? Dawa yao ingekuwa kumwondoa yule wa kufagia, na wafagiaji wa kike hawakuhamishwa, waliambiwa wasirudi kesho. Kumfukuzisha kazi mjane aliyenipa mke, kwa kosa la kuwa mama wa mke wangu, hilo sikuliweza. Nikaona afadhali nimwachie Mungu, ambaye kwa vyovyote nilikuwa nazungumza naye mara ishirini kwa siku.

Na mama mkwe hakuwa mtu wa kupokea tu. Alikuwa akipika sabuni ya mawese nyumbani, na siku moja mke wangu aliniletea kipande kilichofungwa kwenye jani la mgomba.

"Mama anasema usugue kioo na sabuni kavu, halafu ufute na kitambaa. Haitashika ukungu tena."

Nikasugua. Mlango ukafunguliwa, mvuke ukatoka, na kioo kikabaki safi kama maji ya kisimani. Wakuu walikuwa wameshindwa na ukungu ule tangu enzi za mkoloni. Mwanamke asiyeweza kunitazama ndiye aliyenipa macho, nami nilimshukuru sana, kupitia kwa binti yake.

Hapo ndipo mtaalamu alipofika kutoka Ulaya, ametumwa kuchunguza kazi za hatari na watu wanaozifanya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo, nasi tulijiandaa kupona. Alikuwa kijana mrefu mwenye soksi zilizofika magotini. Alinipima kutoka buti hadi macho, akapima kutoka macho hadi kioo, akapima sanduku la sabuni, akaandika. Alinishika kidevu akanigeuza huku na huku kama anayenunua mbuzi. Kapita alikuwa akitafsiri.

"Anauliza, macho yako inachoka saa ngapi?"

"Mwambie inachoka tangu yeye amefika."

Kapita alitafsiri kitu kirefu zaidi na chenye heshima zaidi, maana mtaalamu alitikisa kichwa akaandika mistari mitatu.

Siku ya nne aligundua kwamba kioo kinageuza kushoto na kulia. Alishtuka kweli, masikini, akaniangalia kwa huruma, akaagiza kioo cha pili. Vikafungwa viwili vikitazamana, kimoja kikirekebisha uongo wa mwenzake, na sasa kushoto kulikuwa kushoto. Kila mtu alifurahi isipokuwa mikono yangu. Asubuhi hiyo wagoni ilipoyumba upande mmoja, mikono ikaisaidia kuyumba zaidi, na mikungu ikamwagika sakafuni mpaka mlangoni. Ikamwagika tena mchana. Mtaalamu akaandika kwamba mtu wa treyi anahitaji mafunzo. Baada ya siku tatu kioo cha pili kilitolewa, kikapelekwa ofisini kwa mkurugenzi, nasikia alikuwa anachania nywele.

Kabla ya kuondoka mtaalamu aliniuliza swali la mwisho, akiwa ameshika kalamu.

"Anauliza," kapita akasema, "katika hiki kioo, unaona byote?"

Nilimtazama kapita. Kapita alitazama viatu vyake. Yeye pia alikuwa mtu wa upande wetu, na alikuwa na mama mkwe.

"Mwambie naona byote."

Mtaalamu akaandika, akafunga daftari, akanipa mkono. Majuma mawili aliyapima macho yangu na hakuuliza hata mara moja yanamwona nani. Simlaumu. Kuuliza si ujinga, lakini kuna maswali ambayo mtu lazima awe na mama mkwe ndipo ayajue.

Nikifika hapa hupenda kuchelewa kidogo, niwaeleze watu kuhusu samaki, kuhusu matope ya barabara ya Magara. Lakini nimeshaanza.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limepanda. Kitenge cha kijani kiliingia kiooni. Niliinama, nikasali. Sikujua kwamba goti lake lilikuwa limevimba tangu jana yake, wala yeye hakunitumia habari, kwani mtu atamtumiaje mkwe habari za goti lake? Alikuwa akifagia polepole. Tena tunda moja lilikuwa limejibana chini ya reli, akainama kulichokonoa kwa kidole, mgongo kwa kioo. Mimi nikafika amina. Nikainua kichwa, na kiooni palikuwa na wagoni na mlango tu, maana aliyeinama alikuwa amefichwa na wagoni yenyewe. Kama ningetazama tangu mwanzo, ningejua kwamba kitenge kiliingia na hakikutoka.

Nikavuta.

Mwanamke aliyekuwa akibeba vikapu ndiye aliyepiga yowe. Nikaachia mkono wa treyi, nikaruka kutoka kwenye sanduku, nikakimbia kuzunguka ukuta. Nilipofika kwenye kona nikasimama. Nilisikia sauti yake ikilia, sauti ambayo katika miaka yote ile sikuwahi kuisikia, na miguu yangu ikakataa. Nikageuka nikampa mgongo. Mama mzima anavuja damu hatua tano kutoka kwangu, na mimi nimesimama natazama matofali, nalia, kwa heshima. Nimefanya mambo mengine ya aibu maishani, lakini hakuna linalonichoma kama lile.

Gurudumu lilimkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Walimpeleka dispensari kwenye mkokoteni wa mikungu.

Mtaalamu alirudi kutoka Bujumbura na daftari lake. Kapita akatafsiri, safari hii kwa sauti ndogo.

"Anauliza, ulikuwa unaangalia?"

"Nilikuwa naangalia."

"Na haukumuona?"

"Sikumuona."

Akafikiri sana. Kisha akaandika kwamba kioo ni kidogo mno. Kikaletwa kikubwa, mara mbili ya kile cha kwanza, na kila alasiri nikapewa dakika kumi za kupumzisha macho. Kwa hiyo mama mkwe akirudi kazini ningekuwa na mama mkwe mara mbili wa kutomtazama, na dakika kumi za kupumzika baada ya kutomtazama.

Usiku na mchana sikuwa na amani. Mwishowe nilimwambia mke wangu ukweli: kwamba macho yangu ni mazima, kioo ni kizima, na vidole vya mama yake nimevikata kwa kuinama. Nilidhani atalia. Alisimama akafunga kitambaa kichwani.

"Weye na mama yangu," akasema, "heshima yenu itatumaliza. Nitaenda kwake sasa hivi."

Alirudi akiwa na ujumbe. Desturi yetu ina mlango wake wa nyuma, kama desturi zote. Mkwe anaweza kufunguliwa macho, akipeleka kuku na nguo na kukaa mbele ya mama akaoshwa uso. Kwa kawaida hungoja miaka mingi, mpaka watoto wamezaliwa wengi na watu wamezeeka. Mama mkwe hakutaka kungoja. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilinunua jogoo mzima na kitenge kipya, nikafunga kwenye baiskeli, nikaenda Kigwena na mke wangu.

Alikuwa amekaa mkekani, mguu umefungwa bendeji, kichwa amefunika. Nikakaa mbele yake nikitazama mkeka. Akachovya mkono kwenye bakuli la maji, akanipaka usoni mara tatu, na mkono wake ulikuwa na harufu ya sabuni ile ile. Kisha nikasikia akifunua kitenge.

"Fungua macho, mukwe. Niangalie."

Nikamwangalia. Alikuwa na pengo mbele, na alama ya ndui shavuni. Mdomo ulikuwa wa mke wangu kabisa, hata ule mkunjo wa kudharau upande mmoja. Miaka yote ile nilikimbia uso ambao ungeweza kuwa wa mwanamke yeyote anayeuza dagaa sokoni.

"Umeniona?"

"Nimekuona, mama."

"Basi sikia. Heshima yako imekula vidole byangu mbili. Miye sitaki ikule mutu muzima. Kuanzia leo, nikiwa pale, unaangalia miye tu. Ukiangalia hata inzi, nitajua."

Halafu akamwita mke wangu aje amchinje jogoo, tukala. Alinipa paja. Nilikula nikimwangalia kila baada ya tonge, kama aliyeambiwa asipofanya hivyo atafungwa.

Aliporudi kazini alikuwa anachechemea, na alikuwa ameamua namna mambo yatakavyokuwa. Hakufagia tena akikipa kioo mgongo. Alisimama kati ya reli, akakikazia kioo macho mpaka akayapata ya kwangu, akainua mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akaushika kiwiko, jinsi mtu wa kwetu anavyomsalimu mtu kwa adabu. Sheria ya kiwanda ilisema mkono juu maana yake simama. Tatizo ni kwamba pale kila mtu aliinua mkono kumwamkia mwenzake, na mimi nilikuwa nimeshasimamishia treyi salamu nyingi mno hata nikaacha kuijali alama hiyo. Lakini mkono juu na kiwiko kimeshikwa, huo ulikuwa wake peke yake. Ulipokuwa juu, hata mkurugenzi mwenyewe angeniamuru nivute nisingevuta. Alifagia, akatoka nje ya reli, akanitazama tena, akaushusha. Ndipo nikavuta.

Kwa miaka iliyofuata hakuumia mtu. Barua ikaja kutoka ng'ambo kwamba kioo kikubwa kimefanya kazi nzuri sana, na kwamba wangependa kuvifunga vingine kama hivyo mahali pengine. Kapita alitusomea kwa sauti. Mama mkwe aliuliza barua inasema nini kuhusu sabuni. Hakikuandikwa kitu.

Nilimzoea. Niseme kweli, nilimpenda. Mama yangu mzazi alikuwa amekufa nikiwa mdogo, na ghafla nilikuwa na mwanamke anayenitazama machoni mara ishirini kwa siku ili aone kama nipo. Asubuhi za Jumatatu, kama nilikuwa nimelewa jana yake, alijua tangu mzigo wa kwanza, na jioni habari zilimfikia mke wangu kabla yangu.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili. Yaliyotokea Rumonge mwisho wa mwezi wa nne, waasi wakiua na askari wakija kulipiza, wameyaeleza watu wengi, wengine wakiwapo na wengine wakiwa mbali sana. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa matofali. Ninachoweza kueleza ni kile kilichoingia kiooni.

Kulikuwa na uvumi tangu usiku, lakini tulikwenda kazini, kwa kuwa pipa lilikuwa limeshajazwa. Mlango ulifunguliwa. Mfungua mlango akakimbilia nyuma ya pipa kama kawaida. Mama mkwe akaingia relini na ufagio, akafagia kidogo, kisha akaacha. Akageuza kichwa pembeni, kuelekea lango la kiwanda. Lango halikuwamo kiooni. Kioo kikubwa kilionyesha mlango na hatua nne kila upande, na lango lilikuwa mbali zaidi ya hapo.

Akanitafuta machoni. Akainua mkono wa kulia, akashika kiwiko. Nikasimamisha treyi. Nikasikia kelele upande wa lango, watu wengi wakikimbia, na mlio ambao mwanzo nilidhani ni komeo limeanguka. Mkono wake ulibaki juu. Kisha ule wa kushoto ukaachia kiwiko, ukasukuma hewa kuelekea kwangu, mara moja, mara mbili. Ondoka. Kitenge kilikuwa kimemwanguka kichwani, na hakukiokota. Alikuwa anaogopa. Nilikuwa nimeona uso ule ukiwa na hasira, ukicheka, ukinidharau, ila woga sikuwahi kuuona humo, na ulikuwa wazi mno, kana kwamba nimemkuta bila nguo.

Nikainamisha kichwa.

Sikuamua. Mikono ikishajua jambo haiulizi kichwa, nimeshasema, na shingo nayo ni hivyo hivyo. Nilitazama buti zangu, nikasali Baba Yetu, polepole, mpaka amina. Nikainua macho. Kiooni palikuwa na mlango wa pipa, mvuke, wagoni, na ufagio umelala juu ya reli. Alielekea upande gani, aliondoka mwenyewe au alichukuliwa, walioingia ni hawa au wale, yote hayo yalipita mbele ya kioo safi kisicho na ukungu, na mtu wa treyi alikuwa anasali.

Nilikwenda hadi kwenye kona ya ukuta. Mlio wa bunduki ukasikika tena, karibu zaidi. Nikasimama pale pale niliposimama siku ya vidole. Kisha nikafanya alivyoniambia. Nilipita nyuma kwenye gati, nikakimbia nyumbani, nikamchukua mke wangu na watoto, tukapata nafasi kwenye mtumbwi wa wavuvi waliokuwa wakivuka kwenda Congo. Mama mkwe hakuonekana siku ile, wala zilizofuata, wala mpaka leo.

Katikati ya ziwa, watoto wamelala juu ya nyavu, mke wangu aliniuliza.

"Mama ulimuona?"

"Nilimuona. Alinifanyia mkono niondoke."

"Na kisha? Walimufanya nini? Alienda wapi?"

Nikatazama maji. Akanishika kidevu, akanigeuzia uso kwake.

"Ulikuwa unaangalia?"

"Nilikuwa naangalia," nikasema. "Niliona byote."